Bi Rolande Thivierge na Saa ya Ukumbi wa Baraza

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi Rolande Thivierge, Karani wa Mji wa Sainte-Ludivine, atastaafu baada ya kuutumikia mji huu kwa miaka thelathini na sita na miezi tisa. Aliajiriwa tarehe 6 Septemba 1988 akiwa mpiga chapa. Mwaka uliofuata akawa karani msaidizi, na tangu Mei 1991 amekuwa karani kamili, yaani mtu ambaye zabuni zote za barabara zimepitia mezani pake. Kwa mujibu wa daftari lake, amesimamia ufunguzi wa zabuni hadharani mara mia nne na kumi na mbili. Mia nne na kumi na moja kati ya hizo zilikwenda sawasawa. Mwenyewe ameomba makala hii isiifiche ile iliyobaki. Ombi hilo ni la tabia yake, nasi tumelitii.

Bi Rolande ni mtoto wa Safu ya Tano, mstari wa mashamba ulio pembezoni mwa mji wetu. Wazee wanaikumbuka barabara ya huko ilivyokuwa: kila Aprili, theluji ilipoyeyuka, ilikuwa tope la kufika magotini, na basi la shule lilikuwa likiishia njia panda huku watoto wakimalizia safari kwa miguu, viatu mkononi. Marehemu baba yake alikuwa na msemo kwamba barabara mbaya ni kodi inayolipwa mara mbili. Binti yake hakuusema msemo huo ofisini hata siku moja, lakini hakuna aliyefanya naye kazi asiyejua kwamba alikuwa anauamini.

Kazi ya karani katika zabuni ni nyepesi kuieleza. Mji hutangaza barabara inayotaka kujengwa. Wakandarasi huleta bei zao katika bahasha zilizofungwa kabla ya saa iliyotajwa. Saa hiyo ikifika, mlango wa mapokezi hufungwa, bahasha hufunguliwa mbele ya mashahidi wawili na ya yeyote anayetaka kuja, na kila bei husomwa kwa sauti. Mwenye bei ya chini, kama makaratasi yake ni kamili, hupewa kazi. Ni hivyo tu. Ugumu wote uko katika kulifanya jambo hilo jepesi vilevile kila mara, kwa kila mtu, awe binamu wa diwani au mgeni asiyejulikana.

Hapo ndipo ukali wa Bi Rolande ulipojulikana. Mlango wa ukumbi aliuacha wazi wakati wote wa usomaji, majira yote ya mwaka, kwa sababu sheria inasema hadharani na yeye hakuona mlango uliofungwa una uhadhara gani. Februari 2003 baridi ilifika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Wakandarasi wakakaa na makoti na kofia zao, pumzi zikifuka kama sufuria za supu. Mmoja akauliza kama inawezekana kurudisha mlango kidogo.

“Unaweza kuurudisha,” Bi Rolande akamjibu bila kuinua macho. “Ukiwa upande wa nje.”

Alisoma kila bei kwa maneno, mpaka senti ya mwisho, kwa sauti ileile ambayo haikupanda wala kushuka. Wakandarasi waliiigiza sauti hiyo kwenye baa ya Hoteli ya Stesheni, naye alijua. Zawadi za Krismasi hazikumpata. Sehemu ya mwisho ya daftari lake ina kurasa kumi na nne zenye maingizo ya namna hii: “Kopo moja la shira ya mti wa mepo, limerudishwa.” “Pai mbili za nyama, zimerudishwa zikiwa bado moto.” “Bata mzinga mmoja, hai, amerudishwa kwa taabu.” Kuhusu bata mzinga huyo, Bi Rolande hajawahi kueleza zaidi ya alivyoandika.

Sasa tuje kwenye ile moja.

Mwishoni mwa mwaka 1993 mji ulitangaza zabuni ya kuijenga upya barabara ya Safu ya Tano: kilomita tisa, makaravati kumi na mawili, msingi mpya wa kokoto na lami juu. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizopata kutangazwa hapa. Bahasha zilitakiwa zifike kabla ya saa tano kamili asubuhi, Jumanne, tarehe 18 Januari 1994, na tangazo lilisema wazi kwamba saa itakayofuatwa ni ile ya ukutani katika ukumbi wa baraza. Kifungu hicho alikiandika Bi Rolande mwenyewe, ili watu wasibishane kwa saa za mkononi.

Siku hizo kazi za barabara za wilaya hii zilikuwa na desturi yake. Kampuni zilizoleta bahasha zilikuwa tatu, zilezile, na ushindi ulikuwa ukizunguka kati yao kama sahani ya sadaka: mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Mji mzima ulilijua hilo na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kwa miaka kumi na mmoja haikuonekana bahasha ya nne.

Asubuhi hiyo ilionekana. Bwana Ghislain Arpin, mkandarasi mdogo kutoka mbali, aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu juu ya barabara zilizoganda, akapanda ngazi za ofisi ya mji kwa kushikilia ukuta, akaingia na bahasha ya kaki kifuani. Saa ya ukutani ilikuwa tano na dakika tatu.

“Umechelewa, bwana,” Bi Rolande akamwambia.

“Mama, sijachelewa. Tazama saa yangu.”

“Saa yako siijui. Naijua ile.”

“Nimetoka kwangu alfajiri. Nimeteleza mara mbili mtaroni. Tafadhali, dada, dakika tatu!”

“Hata ingekuwa moja. Siwezi kuipokea. Samahani.”

Bwana Arpin aliitazama saa ya ukutani, akaitazama ya mkononi, akaondoka na bahasha yake. Wakandarasi watatu waliokuwa wamekaa ukumbini walimsindikiza kwa macho. Mmoja alikuwa akitabasamu kwenye kikombe cha kahawa. Bei zikasomwa. Ya chini kabisa ilikuwa ya Bwana Clovis Beaurivet, mwenyeji wetu: dola milioni moja, laki tisa na kumi na nne elfu. Muhtasari ukaandikwa, mashahidi wakatia saini, ukumbi ukabaki mtupu.

Bi Rolande alikuwa akinywa supu yake ya njegere mezani, mlango ukiwa wazi kama kawaida, kengele ya kanisa ilipogonga adhuhuri. Aliinua macho kuitazama saa ya ukutani. Ilisema sita na dakika saba.

Mwenyewe anasema aliweka kijiko chini polepole sana. Alipiga simu kwenye huduma ya saa, ile namba ambayo sauti hutaja wakati halisi, akasikiliza mara tatu. Kisha akamwita mtunza jengo, Mzee Odilon Grenon, aliyekuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

“Mzee Odilon, saa ya ukumbini ina nini?”

“Haina kitu, Bi Rolande. Inakwenda vizuri.”

“Inakwenda vizuri kumpita nani?”

Mzee Odilon akavua kofia yake ya sufu. “Jana kulikuwa na hoki, mama.”

Habari yenyewe ilikuwa hii. Baraza hukutana Jumatatu jioni. Meya wa wakati huo, Mheshimiwa Aurélien Desrochers, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema mwenye maneno mengi, na kulikuwa na kanuni moja tu ya kumnyamazisha: ikifika saa tatu ya usiku kwa saa ya ukutani, kikao kimekwisha. Kwa hiyo kila Jumatatu timu ya hoki ilipokuwa inacheza, madiwani walimnong’oneza Mzee Odilon, naye akapanda ngazi na kuisogeza saa mbele kwa dakika saba, ili waheshimiwa wafike nyumbani wawahi kipindi cha mwisho cha mchezo. Jumanne alfajiri aliirudisha. Mchezo huu wa saa ulikuwa umedumu miaka mitatu. Meya hakujua. Karani pia hakujua.

“Na leo asubuhi?” Bi Rolande aliuliza.

“Leo ngazi za nje zilikuwa barafu tupu. Nimemwaga chumvi tangu alfajiri, watu wasije wakavunjika. Nikasahau.” Kisha, baada ya kufikiri kidogo: “Ngazi ya kupandia iko hapa hapa. Nairudisha sasa hivi. Nani atajua?”

“Wewe na mimi,” alisema Bi Rolande. “Tayari tumeshakuwa wengi. Usiiguse, mzee wangu.”

Ni vema msomaji aelewe alichokuwa nacho mezani saa hiyo. Bahasha ya Bwana Arpin ilikuwa imefika saa nne na dakika hamsini na sita, kwa wakati. Karani aliikataa, na kwa kuikataa aliufanyia mzunguko wa wale watatu kazi ambayo wao wenyewe wasingethubutu kumwomba. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Barabara inayopita kwa mama yake mzazi itajengwa kiangazi hicho. Akisema, zabuni itafutwa, huenda barabara ikakosa msimu, na mtu yeyote mwenye akili timamu atadhani saa ilisogezwa kwa makusudi na kwamba aliyeisogeza alilipwa. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu katika kiti hicho, mume aliyekuwa ameachishwa kazi kiwandani, na watoto wawili.

Aliwaita mkuu wa zimamoto na mkutubi, akawapa simu waisikilize saa ya kweli huku wakiitazama ya ukutani, akawataka waandike walichoona na kutia saini. Halafu akatafuta namba ya Bwana Arpin katika orodha ya waliochukua nyaraka za zabuni. Mkandarasi alipigiwa saa nane na nusu, alipokuwa ametoka tu garini.

“Bwana Arpin, ni karani wa Sainte-Ludivine. Bahasha yako umeifungua?”

“Bado ninayo. Nilikuwa natafuta kiberiti.”

“Usiichome. Wala usiifungue. Hukuchelewa wewe, bwana. Ni sisi tuliowahi.”

“Hebu rudia, mama.”

Akarudia. “Nitaliandika pia,” akaongeza, “na nitalisoma mbele ya baraza Jumatatu. Ukitaka kuja, mlango utakuwa wazi.”

Saa ya ukumbini haikurekebishwa mpaka kikao hicho kilipopita, kwa kuwa ilikuwa ushahidi. Kwa siku sita wafanyakazi kadhaa walikwenda kula mapema kwa dakika saba na kudai kwamba wanafuata saa rasmi.

Bwana Beaurivet alikuja ofisini siku ya pili, uso umemwiva.

“Rolande, unanifanyia nini? Bei yangu imesomwa! Kila mtu wilaya nzima anaijua. Ukitangaza upya, mimi nimeshavuliwa nguo sokoni.”

“Ni kweli, Clovis. Umeonewa. Na kosa ni langu.”

“Basi liache! Nani analalamika?”

“Mtu mmoja ana bahasha garini.”

“Mgeni!”

“Safu ya Tano haijali lami imemwagwa na nani,” akasema. “Kaa, nikupe kahawa.” Hakukaa.

Jumatatu, tarehe 24 Januari, ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bi Rolande alisimama akasoma taarifa yake, kurasa mbili, kwa sauti yake ya kusomea bei. Alieleza saa, ngazi, chumvi na hoki. Hakumtaja aliyeisogeza saa. Aliandika: “Tangazo lilisema saa ya ukumbi ndiyo itakayofuatwa. Mwenye dhamana ya saa hiyo alikuwa karani. Karani hakuihakiki.”

Meya Desrochers alishika kichwa. “Dakika saba, Bi Rolande! Unataka nifute barabara ya dola milioni mbili kwa dakika saba? Unajua watu watasemaje? Watasema uliifanya saa ikimbie ili mgeni akute mlango umefungwa.”

“Wakiuliza hivyo, Mheshimiwa, watakuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo maana nimetangulia kusema.”

“Na aliyeisogeza ni nani?”

Bi Rolande alikunja kurasa zake mbili. Nyuma kabisa, karibu na ndoano za makoti, Mzee Odilon akasimama, kofia mikononi.

“Ni mimi, Mheshimiwa. Lakini sikujituma.”

Madiwani sita wakawa wanatazama dari, kila mmoja sehemu yake. Mwishowe mkubwa wao kwa umri, Diwani Philémon Gaudet, akakohoa.

“Tulimtuma sisi, Aurélien. Usikasirike, ndugu yangu. Ukishika maneno, wewe, wachezaji wanastaafu hujamaliza.”

Ukumbi ulicheka, na kicheko hicho kilikuwa hatari kuliko ukimya, kwa maana madiwani walioaibika hutafuta wa kumtupia aibu. Mmoja wao alitoa hoja kwamba karani aachishwe kazi kwa uzembe. Mwingine akaiunga mkono. Hapa ndipo penye jambo ambalo mwandishi wa makala hii, aliyekuwa mtunza kumbukumbu, analiona kuwa kubwa kuliko yote: muhtasari wa kikao huandikwa na karani. Bi Rolande aliketi, akafungua kalamu, akaandika kwa mkono wake hoja ya kumfukuza yeye mwenyewe, jina la mtoa hoja, jina la aliyemuunga mkono, na kura zikaanza kupigwa.

Ukurasa huo upo. Nimeutazama tena wiki hii. Waliokubali, watatu. Waliokataa, watatu. Mwandiko haubadiliki.

Kura zilipolingana, uamuzi ulikuwa wa meya. Mheshimiwa Desrochers alisimama. Watu waliegemea viti vyao, wakijiandaa. Alimtazama Mzee Odilon, akawatazama madiwani, akaitazama saa, ambayo ilikuwa bado inakimbia.

“Karipio la maandishi,” alisema. “Zabuni itangazwe upya. Odilon, kesho irudishe hiyo saa.” Akaketi. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizopata kutoa, na watu wa Sainte-Ludivine bado wanainukuu nzima.

Ufunguzi wa pili ulifanyika tarehe 22 Februari. Habari ilikuwa imeenea, na pengine wakandarasi wa mbali walitaka kuuona mji ambao karani wake hujishtaki mwenyewe. Zilikuja bahasha sita. Bei ya chini ilikuwa tena ya Bwana Beaurivet: barabara ileile, kokoto ileile, makaravati kumi na mawili yaleyale, dola milioni moja, laki tano na sabini na nne elfu. Bwana Arpin alikuwa wa pili, nyuma kwa elfu kumi na moja. Diwani Gaudet alipiga hesabu kwenye kisanduku cha sigara.

“Laki tatu na arobaini elfu zimeshuka! Kwa dakika saba! Isogezeni hiyo saa kila wiki!”

Hakuna aliyemuuliza Bwana Beaurivet laki hizo zilikuwa zimekaa wapi Januari. Aliijenga barabara vizuri, hilo lazima lisemwe, na lami ikafika kwa mama yake Bi Rolande tarehe 9 Septemba. Mzee Odilon alistaafu Juni kwa heshima zake zote na akapewa saa ya ukutani kama zawadi, jambo ambalo baadhi yetu tuliliona si la adabu, ila yeye alicheka mpaka machozi. Bwana Arpin aliendelea kuleta bahasha hapa, akashinda kazi nne katika miaka iliyofuata, na hakuwahi kufika baada ya saa nne na nusu.

Kutokana na siku ile mji wetu ulipata desturi ambayo wageni huishangaa. Dakika kumi kabla ya kufunga mapokezi, Bi Rolande alikuwa akiweka simu kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukaisikiliza saa ya kweli ikitajwa, wakandarasi wakirekebisha saa zao kama waumini wanaoitikia sala. Kuanzia mwaka 1995 alibandika bei zote, za walioshinda na za walioshindwa, kwenye ubao wa nje ya ofisi na kwenye jarida hili, kabla ya sheria kumlazimisha. Makarani wa miji jirani wakaja kutazama. Miaka ile ambapo mkoa mzima ulikaa mbele ya televisheni ukiwasikiliza wakandarasi wakihojiwa jinsi walivyogawana barabara, wachunguzi walifika pia kwetu. Walikaa siku mbili, wakasoma daftari lote hadi bata mzinga, wakanywa kahawa, wakaaga.

Karipio lake lingeweza kuondolewa jaladani baada ya miaka mitano. Idara ya utumishi ilimwandikia mara tatu kumkumbusha. Alijibu mara moja: “Liacheni. Lilitokea.”

Siku hizi zabuni huja kwa kompyuta na bahasha ni chache. Hata hivyo, Jumanne, tarehe 10 Juni, Bi Rolande alisimama kwa mara ya mwisho ukumbini akasoma bei za kukarabati daraja la kinu, ingawa zilikuwa zinaonekana kwenye skrini kubwa nyuma yake. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akajivuta kwa mkongojo hadi mbele. Alikuwa Bwana Arpin, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa. Akaweka mezani bahasha ya kaki, iliyopauka na kukunjika pembe.

“Nimekuja kuileta,” alisema. “Safari hii nimewahi?”

Bi Rolande aliigeuza, akaikagua gundi. “Hukuifungua.”

“Si ulinikataza?”

Watu wakaanza kupiga kelele ifunguliwe. Vijana walitaka kujua bei. Bwana Beaurivet, ambaye alikuja kwa ajili ya keki, alitaka kujua kuliko wote. “Fungua, Rolande! Miaka thelathini na moja nakosa usingizi!”

“Zabuni ile ilifutwa,” alijibu. “Haifunguliwi.”

“Mimi mwenyewe nimeisahau bei,” Bwana Arpin akasema. “Sikuja kwa ajili ya bei.”

Bi Rolande alitoka ukumbini, akarudi na mhuri wa zamani wa mapokezi, kwa kuwa mhuri wa sasa hauna mwaka 1994 katika magurudumu yake. Akazungusha magurudumu, akagonga: 18 Januari 1994. Kando yake akaandika kwa kalamu: “Imepokelewa saa nne na dakika hamsini na sita asubuhi.” Na kwa kuwa hajawahi kuandika tarehe ya uongo, akaongeza chini: “Mhuri umegongwa tarehe 10 Juni 2025. Ucheleweshaji ni wa karani.” Akatia saini. Kisha akafungua daftari la mwaka ule, penye mistari mitatu iliyojazwa na wa nne ambao aliuacha mtupu siku zote hizo, akaujaza.

Bwana Arpin alisoma maandishi ya bahasha na ya daftari polepole, midomo ikitikisika. Aliichukua bahasha yake, akairudisha kifuani, akampa mkono. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walivua kofia.

Bi Rolande, mji wa Sainte-Ludivine unakushukuru kwa barabara zilizojengwa kwa bei ya haki, kwa mafua tuliyoyapata mlangoni pako, na kwa kutufundisha kwamba mtu anaweza kulisoma kosa lake kwa sauti na kesho yake akarudi kazini. Tunakuombea wewe na Bwana Thivierge afya, bustani yenye nyanya nyingi, wajukuu wenye kelele za kiasi, na siku ndefu zisizohitaji muhtasari.

Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa, saa tano kamili asubuhi, kwa saa ya ukumbi wa baraza. Imehakikiwa leo. Mlango utakuwa wazi.